Rika la Kitabu na Rika la Msomaji

Lugha yetu haina uchoyo wa majina inapohesabu miaka ya binadamu. Kuna mtoto mchanga na mtoto wa kutambaa. Kuna kigori na mwari, mvulana na barobaro. Kuna kijana, mtu mzima, mtu wa makamo, na mwisho wao shaibu na ajuza. Mtu hatoki utotoni akaingia utu uzima kwa mruko mmoja. Hupita vyumba vingi, na kila chumba kina jina lake, adabu yake na maswali yake. Lakini ingia katika duka la vitabu, au fungua orodha ya mchapaji yeyote wa riwaya na hadithi, utaona kwamba utajiri huo wote umekunjwa ukawa makundi mawili, pengine matatu: vitabu vya watoto, vitabu vya vijana, na vile visivyoandikwa neno lolote juu ya umri, ambavyo ndivyo vinavyodhaniwa kuwa vya watu wazima. Nataka tujiulize, ndugu walimu, ni nani aliyempa mchapaji mamlaka ya kukipa kitabu umri, na ni kitu gani kinachompata msomaji aliyesimama kati ya kundi moja na jingine, mahali ambapo hapana rafu.

Swali hili lina sura ya biashara, lakini undani wake ni wa maadili. Anayesema, "Kitabu hiki ni cha watoto wa miaka kumi na mmoja," amesema mambo kadhaa kwa pumzi moja bila ya kuyatenganisha. Amesema kwamba lugha yake inawezwa na mtu wa umri huo. Amesema kwamba habari zilizomo zinamfaa kuzijua. Na amesema pia, ingawa hakukusudia, kwamba aliyekwisha kupita umri huo akionekana nacho mkononi atakuwa amejishusha. Ugumu wa lugha sisi walimu tunaweza kuupima, maana ndio ufundi wetu. Habari za kumfaa mtoto zina wazazi na jamii ya kuziangalia. Hilo la heshima ya msomaji halina mwenyewe. Hakuna kamati inayokaa kulizungumza, nalo ndilo linaloniuma.

Utaratibu wenyewe si wa kale. Jonathan Swift alipotoa Safari za Gulliver mwaka 1726, shabaha yake ilikuwa kuwachoma wanasiasa na wanazuoni wa zama zake. Watoto walikichukua wenyewe kwa kupenda habari za vijitu vya Lilliput, na wachapaji wakaja nyuma yao, wakakipunguza na kukishusha katika rafu ya chini. Kilipotoka kwa Kiswahili mwaka 1932 kilitufikia kikiwa tayari kimevaa sare ya shule. H. Rider Haggard naye, alipotoa King Solomon's Mines mwaka 1885, alikitabaruku kwa wavulana wakubwa na wadogo pamoja, asiwatenge. Na hicho ndicho Mashimo ya Mfalme Sulemani tulichokipata kwa Kiswahili mwaka 1929. Hata hivyo kabla ya Haggard alikuwapo John Newbery, mwuza vitabu wa London, ambaye mwaka 1744 alitoa kijitabu cha kuwafurahisha watoto, akakiuza pamoja na mpira kwa mvulana na kifuko cha kuchomekea pini kwa msichana. Tangu siku hizo za mwanzo, basi, aliyegawanya wasomaji kwa umri aliona ni vyema awagawanye kwa jinsia pia, na mkono uliogawanya ndio huo huo uliopokea fedha.

Sisemi hivyo kwa dharau. Mchapaji asiyeuza hawezi kuchapa, na kuna vitabu vingi vizuri ambavyo visingezaliwa kama mtu hangekaa akafikiri juu ya watoto peke yao. Marekani nayo ilipata faida kubwa ilipotazama wale wa katikati. Mwaka 1967 S. E. Hinton, msichana wa Oklahoma, alitoa riwaya yake The Outsiders, aliyoianza akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, kwa sababu hakuona kitabu kilichosema kweli juu ya maisha ya wenzake. Watunzaji wa maktaba na walimu walikipokea, na baada yake vikaja vingine vingi, hata fasihi ya vijana ikawa na rafu zake, tuzo zake na wahakiki wake.

Lakini kila ukuta unaojengwa huzaa uchochoro mpya. Rafu ya vijana ilipokwisha kusimama imara, waliofika umri wa miaka kumi na minane hadi ishirini na kitu walijikuta nje yake, na rafu ya wakubwa haikuwa imewaandalia kiti. Mwaka 2009 St. Martin's Press, nyumba ya uchapaji ya New York, ikawaita waandishi wapeleke hadithi za kundi walilolibatiza jina la watu wazima wapya. Naamini kwamba siku moja uchochoro mwingine utaonekana kati ya hao wapya na wale wa zamani. Wala isidhaniwe kwamba kuta zote hizi hujengwa kwa kumhurumia mdogo. Mwezi Julai 2000 gazeti la The New York Times lilianza kutoa orodha ya peke yake ya vitabu vya watoto vinavyouzwa sana. Sababu yake ilikuwa kwamba vitabu vya Harry Potter vilikuwa vimekalia nafasi za juu za orodha ya riwaya, na wachapaji wa vitabu vya wakubwa walinung'unika kwamba wanazibiwa njia. Ukuta huo ulijengwa ili mtu mzima asisumbuliwe na mtoto.

Ugomvi ulio wazi zaidi juu ya jambo hili ulitokea Uingereza mwaka 2008. Wachapaji walipatana kupiga chapa alama za umri juu ya vitabu vya watoto: miaka 5 na zaidi, kisha 7, kisha 9, kisha 11, na mwisho 13 kwa vijana. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema kwamba wengi wanunuao vitabu vya watoto ni babu na bibi, shangazi na wajomba, watu wanaosimama dukani wamejaa mapenzi lakini hawajui wachague nini. Mtu wa namna hiyo akipewa namba, hujipa moyo, akanunua. Waliowapinga, miongoni mwao mwandishi Philip Pullman pamoja na mamia ya waandishi, wachoraji, walimu na watunzaji wa maktaba, walijibu kwamba watoto wa umri mmoja hawalingani. Kwamba mzito wa kusoma hatagusa kitabu chenye namba iliyo ndogo kuliko miaka yake, na mwepesi atazuiwa asipande. Pullman alishikilia kwamba hakuandika kitabu ili jalada lake limfungie mtu mlango.

Mimi naelemea upande wa waandishi, ingawa yule bibi wa dukani namhurumia. Namba ile inazungumza na mkoba, ikimpita msomaji juu ya kichwa chake, naye yupo pale pale akisikia anavyozungumzwa.

Sasa tugeukie kwetu, kwa maana katika nchi zetu hizi jambo hili lina sura nyingine ambayo wale wa London hawakuwa na haja ya kuifikiria. Wao walibishana wakichukulia kwamba umri na lugha hutembea pamoja: mtoto wa miaka saba anajua Kiingereza cha miaka saba, na wa kumi na tatu anajua cha kumi na tatu. Kwetu viwili hivi vimeachana. Kwa wanafunzi wetu wengi Kiswahili hakikuja na maziwa ya mama. Kimekuja na barabara, na soko, na jeshi, na redio, na sasa kinakuja na mtaala. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Uganda, katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020, ilikiweka miongoni mwa masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili. Ni habari za kushangilia, nasi tulishangilia. Lakini tazama nani aliyeketi darasani: ni kijana wa miaka kumi na minne au kumi na sita, ambaye pengine amekwisha kuzika mzazi, amekwisha kufanya kazi ya mshahara, amekwisha kupenda, naye katika lugha hii ana maneno mia tatu. Tunampa kitabu gani?

Tunampa Sungura na Fisi. Si kwa ubaya. Ndicho kitabu chenye maneno mia tatu. Kiliandikwa kwa mtoto wa darasa la pili huko ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na hapana shaka kwa mtoto huyo ni kitabu kizuri. Nimemwona kijana wa kidato cha kwanza, mrefu kunishinda, amekivika kitabu chake gamba la gazeti kwa uangalifu mwingi, ili wenzake wa vidato vya juu wasione picha iliyo juu ya jalada. Nilimsifu kwa kutunza mali ya shule. Yeye alitazama chini, nami nikaelewa mambo yalivyo kabla hajajibu kitu.

Jambo la ajabu ni kwamba kule London nako watu walificha jalada, ila waliofichiwa walikuwa wakubwa. Vitabu vya Harry Potter vilipoanza kusomwa na kila mtu, wachapaji wake, Bloomsbury, walivitoa pia kwa jalada jingine lenye sura ya kiutu uzima, ili bwana aliyefunga tai asione haya kukifungua ndani ya treni. Maneno ya ndani yalikuwa yale yale. Basi haya ya msomaji ni kitu cha kweli, hata soko linaitambua na kuigharimia pale penye fedha. Tofauti ni kwamba yule bwana wa treni alikuwa na vitabu elfu vya rika lake vikimngoja nyumbani, na kijana wangu hakuwa na kingine katika lugha hii.

Na akikua je? Hapo ndipo pengo linapotisha. Kutoka kwa Sungura mtaala unampeleka kwenye vitabu teule vya vidato vya juu, na katikati ni patupu. Nakipenda Kusadikika cha Shaaban Robert tangu ujana wangu, na sijui kama katika lugha hii kuna hotuba zilizopangwa vizuri kuliko zile za Karama mbele ya baraza. Lakini mwombe kijana aliyemaliza Sungura jana aisome leo, utakuwa kama mtu aliyeweka ngazi ukutani akang'oa vipago vyote vya katikati, kisha akasimama juu ya dari akiita, "Panda!" Anayeshindwa kupanda tunasema kwamba hapendi lugha. Halafu tunamkuta nyuma ya jengo anasoma riwaya nyembamba ya Kiingereza au ya Kifaransa, ya mapenzi au ya upelelezi, macho yamemtoka. Wachapaji wa Macmillan walilijua hilo walipoanza mfululizo wao wa Pacesetters mwaka 1977: vitabu vifupi kwa lugha nyepesi, lakini mambo yake ni ya vijana waliokwisha kupevuka, yaani fedha, uchumba, hila za mjini, kazi. Walimu wengi walivikunjia uso. Vijana walivisoma hadi vikachanika.

Kiswahili nacho hakikukosa vitabu vya namna hiyo, ila havikutoka mkononi mwa waliopanga marika. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kazi yake ya upelelezi katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hakuandikiwa vijana wala hakukatazwa vijana. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, kadhalika. Wahakiki waliziita riwaya pendwa, kwa sauti ya mtu anayetaja chakula cha njiani, lakini ziliziba pengo ambalo hapana mtu mwingine aliyelitazama. Baadaye sana, mwaka 1996, Ken Walibora akatoa Siku Njema, habari za Kongowea, kijana wa Tanga aliyefiwa na mama, akavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba yake. Humo mna lugha ya kumfundisha mwanafunzi na mna maisha ya kumheshimu. Kijana wa nchi zetu, ambaye mpaka si mstari wa ramani kwake bali ni jambo la nyumbani, akikifikia kitabu kile husoma habari zake mwenyewe. Lakini mfululizo mzima wa vitabu vya namna hiyo uko wapi? Kimoja si ngazi.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ya marika ni mageni, kwamba wazee wetu hawakugawanya hadithi kwa umri. Kwa upande mmoja wana haki. Ngano ya jioni ilisikilizwa na wote waliozunguka moto. Mdogo alicheka Fisi alipotumbukia shimoni; baba yake alimsikia ndani ya Fisi yule jumbe fulani wa kijiji cha pili; bibi aliyesimulia aliwajua wote wawili, akaweka neno kwa huyu na neno kwa yule. Hakuna aliyeona haya kumsikiliza Sungura, kwa kuwa Sungura hakuwa amewekewa namba. (Haya ya kijana wangu wa gamba la gazeti, kwa hiyo, hayakutoka kwa Sungura mwenyewe. Yametoka kwa yule aliyemfunga Sungura katika darasa la pili na kumkataza asikue.)

Kwa upande wa pili hawana haki hata kidogo. Wazee wetu walikuwa na mafundisho ambayo hayakusikika nje ya jando na unyago, na aliyeyapenyeza kabla ya wakati aliadhibiwa. Mipaka ya marika ilikuwapo, tena mikali kuliko ile ya mchapaji. Hata hivyo nikiilinganisha mipaka ile na hii naona jambo moja ambalo sisi tumelipoteza. Penye mlango palisimama mtu. Alikuwapo kungwi, alikuwapo somo. Aliyekuwa hajaingia alijua kwamba kuna chumba, alijua kwamba siku yake itafika, na alijua ni nani atakayemshika mkono siku hiyo. Kwa hiyo kati ya utoto na utu uzima hapakuwa na pengo; palikuwa na kizingiti, na kizingiti kina mwenyeji wake.

Mtu akitaka kuona kizingiti hicho kikiwa kimeandikwa, namkumbusha utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mama ni mgonjwa. Binti amefikia umri wa kuolewa. Leo wako wengi wasiokubaliana na mafundisho yake juu ya mke na mume, na mimi darasani huwaachia wanafunzi wabishane nayo watakavyo. Ninalolitazama hapa ni yule anayesemeshwa. Mtoto huwezi kumpa mambo yale, na mwanamke mzima hayahitaji. Yameandikwa kwa mtu mmoja aliye katikati, na mtu anayempenda. Mchapaji wa leo angekiweka kitabu kile katika rafu gani sijui.

Nimeutaja utendi huo kwa sababu unanisaidia kulitazama lililoipata Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi aliitoa riwaya hiyo mwaka 1971, akiwa bado kijana. Rosa ni msichana wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, anampiga bila huruma kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana, Charles, na kwa kipigo kile anaufunga mlango wote wa mazungumzo juu ya wavulana. Msichana anakwenda shule za mbali akiwa hajui kitu ila hofu. Anaanguka, anaharibikiwa, na mwisho anajiua. Kitabu kilipotoka kikazuiwa kutumika mashuleni, kwa kuwa kilisema waziwazi mambo ambayo wakubwa hawakutaka wanafunzi wayasome. Baadaye sana kikaruhusiwa, kikasomwa madarasani.

Sisemi kwamba waliokizuia walikuwa watu wajinga. Mzazi aliyempeleka binti wa miaka kumi na minne shuleni ana haki ya kujua mwalimu anampa nini, na kurasa zile ni nzito. Lakini hebu tulipime tendo lenyewe. Kitabu kinasema: msichana huyu aliangamia kwa kuwa hakuna aliyezungumza naye alipokuwa kati ya utoto na utu uzima. Wakubwa wakajibu: kitabu hiki kisizungumze na wasichana walio kati ya utoto na utu uzima. Walikuwa na hiari ya kukiweka mkononi mwa mwalimu wa kike mwenye busara, akakisoma pamoja nao. Walikuwa na hiari ya kusema, "Kingojeni hadi kidato cha tatu." Wao walifunga mlango wakaondoka nao ufunguo, na wala hawakumweka mtu wa kusimama pale. Zakaria mwenyewe hakufanya tofauti.

Jambo la jinsi hiyo halikwisha na miaka ile. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, kwa hoja kwamba vinapingana na mila, desturi na malezi ya nchi. Miongoni mwao vilikuwamo vitabu vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, vya Mmarekani Jeff Kinney, ambavyo huko kwao huuzwa kwa watoto wa shule ya msingi. Sitaki kuhukumu hapa kama wizara ilikosea au ilipatia. Kila nchi ina haki ya kutazama kinacholetwa mezani kwa watoto wake, na si kila kitu chenye lebo ya watoto kutoka ng'ambo ni chakula chetu. Nataka kutaja jambo moja dogo tu. Kinney ameeleza kwamba alipokuwa akiandika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 2007, alikuwa akiwaandikia watu wazima wanaoutazama utoto wao na kucheka. Ni mchapaji aliyekitazama akasema kwamba ni cha watoto. Basi maneno ni yale yale: mwandishi ameyaona ya wakubwa, mchapaji ameyaona ya wadogo, na serikali ya nchi ya tatu imeona hayawafai wadogo wake. Umri wa kitabu hiki umekaa wapi? Haumo kurasani, maana kurasa hazikubadilika. Umekaa katika kichwa cha kila aliyesimama kati ya kitabu na msomaji, na sisi walimu tumo katika safu hiyo.

Kwa hiyo sioni haja ya kuzitupa alama za umri zote, kama wasemavyo wenye hasira. Alama ni shauri, na shauri jema halimdhuru mtu. Ubaya huanza shauri linapogeuka kufuli, na huzidi pale kufuli linapowekwa na mtu asiyekusudia kuwapo mlangoni siku ya kufunguliwa. Anayemwambia kijana, "Hiki bado," amejitwisha deni la kumwambia siku moja, "Sasa," na la kuketi naye. Asiyeweza kulilipa deni hilo, sioni kwa haki gani anatamka neno la kwanza.

Kwa waandishi wa nchi zetu nina ombi ambalo si la falsafa. Tuandikieni vitabu vya lugha nyepesi na mambo mazito. Wengi hudhani kwamba viwili hivyo haviendi pamoja, kwamba sentensi fupi ni ya watoto na fikra nzito inadai maneno ya pwani yaliyokwisha kusahauliwa hata na watu wa pwani. Si kweli. Mtu aliyefiwa husema kwa maneno machache. Msichana anayetafuta karo, mvulana aliyetoka kambini, kijana anayeendesha bodaboda ili amsomeshe mdogo wake, wote hawa wanaweza kusimuliwa kwa maneno mia nane bila ya kudharauliwa, wala hatuna haja ya kuwapa picha ya sungura juu ya jalada. Wachapaji watasema soko ni dogo. Lilikuwa dogo. Tangu somo hili liwe la lazima, watoto wanaoketi mbele yetu kila mwaka ni wengi kuliko wasomaji wote wa riwaya niliopata kuwajua maishani mwangu.

Wakati tukingoja, kila mwalimu atafanya awezavyo. Katika kabati letu la shule, lenye vitabu visivyozidi sabini, tumeondoa vikaratasi vya vidato vilivyobandikwa migongoni mwa vitabu. Mahali pake ndani ya kila jalada tumetia karatasi nyeupe. Anayekimaliza kitabu haandiki jina lake wala hakitungii insha. Anaandika tu angependa asome nani baada yake. Vingi vimejaa majina ya marafiki, na mizaha, na jina la mwalimu wa hesabu mara nyingi kuliko inavyostahili. Hadithi za Sungura zimepata wasomaji wa kidato cha nne, ambao wanaandika kwamba wanazichukulia wadogo zao likizoni. Kama ni kisingizio, ni kisingizio chenye adabu, nami sikiulizi. Rosa Mistika huitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa wale niliokwisha kuzungumza nao na kukubaliana tutazungumza tena. Muhula uliopita msichana mmoja alikirudisha, akakaa kwenye benchi muda mrefu ameishika kalamu, kisha akaandika maneno mawili: Baba yangu. Akaniuliza kama anaweza kukichukua tena kwa wiki mbili. Sasa ni wiki ya tano, na sijakidai.